Kazi huanza baada ya kushona: hotuba juu ya upandikizaji wa utumbo

Ndugu madaktari, wauguzi, wataalamu wa lishe, wanafunzi, na ninyi wazazi mliokuja kusikiliza, habari za asubuhi.

Watu wengi wakisikia kwamba utumbo wa marehemu unaweza kuhamishiwa tumboni mwa mgonjwa ukafanya kazi, swali lao la kwanza huwa: unashonwaje? Swali ni zuri, lakini kushona hakukuwa kizuizi kikubwa. Alexis Carrel alionyesha namna ya kuunganisha mishipa ya damu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1959 Richard Lillehei wa Minnesota alichapisha kazi yake ya kupandikiza utumbo wa mbwa, na mwaka 1967 akajaribu kwa binadamu. Mishipa ilipitisha damu vizuri. Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya 20 karibu kila aliyepandikizwa utumbo alifariki mapema, wengi ndani ya siku au wiki chache. Leo nataka tuelewane kwa nini ilikuwa hivyo, maana sababu zile zile ndizo zinazotusumbua hadi sasa.

Figo ni kiungo kisafi. Ukiitoa kwa mtu mmoja na kumwekea mwingine, unahamisha kichujio. Utumbo ni tofauti kabisa. Ndani yake mna bakteria wasiohesabika, na ukuta wake umejaa tezi za limfu na chembe nyeupe za mtoaji, yaani sehemu kubwa ya jeshi la kinga la mwili wa binadamu. Kwa hiyo vita vinapiganwa pande mbili. Kinga ya mpokeaji inaushambulia utumbo mgeni, na wakati huo huo askari waliokuja na utumbo wanaweza kumgeukia mwenyeji wao. Hilo la pili huwapata takriban wagonjwa 5 hadi 9 kati ya 100, kiwango kikubwa kuliko kwa viungo vingine vya tumboni. Dalili zake ni vipele kwenye viganja na nyayo, vidonda mdomoni, na chembe za damu kushuka. Muuguzi akiona vipele hivyo asidhani ni mzio wa dawa tu.

Lakini ugumu wenyewe hasa ni huu. Kinga inapoushambulia utumbo, ukuta unachubuka. Ukuta ukichubuka, bakteria waliokuwa wamefungiwa ndani wanaingia kwenye damu. Sasa una mgonjwa mwenye homa, presha imeshuka, damu ina maambukizi, na chanzo cha yote ni kwamba kinga yake ina nguvu kupita inavyotakiwa. Ukimwongezea dawa za kushusha kinga unahofia maambukizi yatamuua, na ukizipunguza utapoteza utumbo. Mwenye figo ya kupandikizwa akiwa hatarini dawa husimamishwa, figo ikifa anarudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Huyu wa utumbo hana njia ya kurudi iliyo nyepesi hivyo. Utumbo unaooza tumboni ni sumu, lazima utolewe haraka.

Ndiyo maana siklosporini, dawa ya kushusha kinga iliyofungua mlango wa upandikizaji wa figo na ini, ilisaidia kidogo tu upande wa utumbo. Mwaka 1987 timu ya Thomas Starzl huko Pittsburgh, Marekani, ilimpandikiza mtoto wa kike viungo kadhaa vya tumboni kwa pamoja. Aliishi takriban miezi 6, kisha akafariki kwa saratani ya tezi za limfu iliyotokana na kinga kushushwa mno. Mwaka 1988, huko Kiel, Ujerumani, mwanamke alipewa kipande cha utumbo wa ndugu yake wa kike, kikafanya kazi kwa miaka zaidi ya 4. Mwaka huo huo David Grant na wenzake, London ya Kanada, walifanikiwa kupandikiza ini na utumbo kwa pamoja. Mabadiliko makubwa yalikuja na takrolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa utumbo Pittsburgh mwaka 1990. Kufikia Oktoba 2000 bima ya serikali ya Marekani, Medicare, ilikubali kuulipia upasuaji huu. Ulikuwa umevuka kutoka majaribio na kuwa tiba.

Nani anauhitaji? Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 3 hadi 8, na mwili una akiba kubwa. Unaweza kukatwa nusu na mtu akaendelea kula ugali wake. Hatari inaanza ukibaki chini ya sentimita 200. Kisha sentimita peke yake hazitoshi kutoa jibu, kwa sababu utumbo mpana ni msaidizi mkubwa wa kunyonya maji na hata kuokoa kalori. Aliyebakiwa na utumbo mwembamba unaoishia kwenye stoma, yaani tundu lililofunguliwa kwenye ngozi ya tumbo, bila utumbo mpana, huwa tegemezi wa dripu akiwa na chini ya sentimita 100. Aliyeunganishwa na utumbo mpana anaweza kujimudu na 60 hivi. Aliyebakiwa na utumbo mpana wote pamoja na vali ya mwisho wa utumbo mwembamba anaweza kujaribu na 30 hadi 35. Kwa watoto wachanga hesabu hubadilika, kwa kuwa utumbo wao bado unakua.

Chanzo kwa watoto mara nyingi ni utumbo kujisokota, mtoto kuzaliwa na utumbo uko nje ya tumbo, au kuoza kwa utumbo kwa njiti. Kwa watu wazima ni donge la damu kuziba mshipa wa utumbo, ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, uliofanya utumbo ukatwe mara nyingi, na uvimbe wa desmoidi, uvimbe wa nyuzi unaoota bila kusambaa mwilini. Kuna pia wenye utumbo mrefu kabisa usiofanya kazi, kwa sababu misuli yake haisukumi au ngozi yake ya ndani ina kasoro ya kuzaliwa.

Wote hawa huishi kwa lishe ya mshipani. Stanley Dudrick na wenzake, Philadelphia, ndio walioonyesha mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba mtoto mchanga anaweza kukua kwa chakula kinachopitia mshipa mkubwa peke yake. Mfuko mmoja huwa na sukari, amino asidi, mafuta, chumvi, vitamini na madini, na mgonjwa wa nyumbani huuunganisha usiku kwa saa 10 hadi 14. Katika vituo vyenye uzoefu, takriban watu wazima 3 kati ya 4 wasio na saratani wanakuwa hai baada ya miaka 5 ya lishe hii. Nawaomba mwishike namba hiyo, maana ndiyo inayopimwa dhidi ya upandikizaji. Mtu anayeendelea vizuri na lishe ya mshipani hapandikizwi.

Anapandikizwa yule ambaye lishe hiyo imeanza kumshinda. Kwanza ni ini: bilirubini, rangi ya manjano ya nyongo kwenye damu, ikikaa juu ya maikromoli 75 kwa lita licha ya kubadilishiwa mafuta, ini linaelekea kubaya. Pili ni mishipa: njia kubwa za sehemu ya juu ya mwili ni 4, mbili za shingoni na mbili chini ya mtulinga, na zikiziba 3 mgonjwa anabaki na njia moja ya uhai. Tatu ni maambukizi ya kateta, yaani mrija wa lishe unaokaa mshipani, yanayomfikisha chumba cha wagonjwa mahututi tena na tena. Nne ni uvimbe wa desmoidi ambao haukatiki bila kuondoa mizizi ya mishipa ya utumbo. Kosa linalorudiwa dunia nzima ni kumpeleka mgonjwa amechelewa. Mtoto anafika kwenye kituo akiwa na manjano machoni na tumbo limejaa maji, na sasa hahitaji utumbo peke yake, anahitaji na ini. Kiungo kimoja kimekuwa viwili, na foleni yake imekuwa ndefu.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji, ingawa sitakaa sana huko. Upasuaji una sura kadhaa: utumbo peke yake, utumbo na ini, kwa kawaida vikitolewa pamoja na kongosho kama fungu moja ili njia ya nyongo isikatwe, na fungu kubwa lenye tumbo la chakula, kongosho na utumbo, likiwa na ini au bila ini. Mtoaji huwa ni mtu ambaye ubongo wake umekufa ilhali moyo unapiga, mwenye presha iliyotulia, kundi moja la damu na mpokeaji. Anatakiwa awe mdogo kuliko mpokeaji, mara nyingi nusu hadi robo tatu ya uzito wake, kwa sababu tumbo lililokaa miaka bila utumbo limesinyaa. Kulazimisha kulifunga juu ya viungo vikubwa kunabana mishipa na kuua kiungo kipya. Wengine hulazimika kupandikiziwa hata ukuta wa tumbo, jambo lililofanywa kwanza Miami.

Utumbo huoshwa kwa maji baridi ya kuhifadhi kupitia aorta, mshipa mkuu unaotoka moyoni, unawekwa kwenye barafu, na saa inaanza kuhesabu. Figo inaweza kusubiri siku nzima. Utumbo unatakiwa uwe umerudishiwa damu ndani ya saa 6 hadi 9, kwa sababu ngozi yake ya ndani huanza kubanduka kwenye ncha kabla sehemu nyingine hazijaumia. Ateri yake huunganishwa na aorta chini ya mishipa ya figo, vena yake na mshipa mkuu wa chini unaorudisha damu moyoni au na mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Mwanzo wa utumbo mpya hushonwa na kipande cha mwenyewe kilichobaki, na mwisho wake hutolewa nje ya ngozi ya tumbo kama stoma. Kwa muda mrefu watoaji walikuwa hao wa kifo cha ubongo tu, mpaka Oktoba 2022 hospitali ya La Paz, Madrid, ilipotangaza kumpandikiza mtoto mdogo fungu lenye utumbo kutoka kwa mtoaji ambaye moyo ulikuwa umesimama. Ni hatua kubwa kwa watoto, ambao watoaji wa ukubwa wao ni haba.

Ile stoma niliyoitaja ndiyo ningependa tuiangalie kwa karibu, kwa sababu ndiyo dirisha. Figo ikikataliwa, kreatinini inapanda. Ini likikataliwa, vimeng'enya vinapanda. Utumbo hauna kipimo cha damu cha kutegemewa namna hiyo. Kuna sitrulini, amino asidi inayotengenezwa na seli za utumbo: ikiwa juu inatuliza roho, ikishuka inasema kuna tatizo bila kusema ni tatizo gani. Kwa hiyo lazima uone kwa macho na ukate nyama. Mwezi wa kwanza kamera hupitishwa kwenye stoma kwa kawaida mara 2 kwa wiki, halafu mara 1 kwa wiki mpaka mwezi wa tatu, na kila mara vinachukuliwa vipande vidogo kadhaa vya kuangalia kwa hadubini. Mtaalamu wa hadubini anahesabu seli zinazokufa kwenye vishimo vya ngozi ya utumbo. Akikuta 6 au zaidi katika vishimo 10 vinavyofuatana, pamoja na dalili nyingine, hiyo ni alama ya kukataliwa kwa kiwango cha chini, na tiba inaanza siku hiyo hiyo.

Muuguzi naye ana kazi yake kila baada ya saa chache. Stoma yenye afya ni nyekundu ya waridi na yenye unyevu, kama ngozi ya ndani ya shavu. Ikigeuka zambarau au nyeusi, simu inapigwa hapo hapo, kwani yaweza kuwa vena imeziba. Kinachotoka kinapimwa kwa mililita. Kwa mtoto, zaidi ya 40 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku ni kengele. Kengele hiyo ina maana mbili zinazofanana kwa sura na kupingana kwa tiba: kukataliwa, au maambukizi ya virusi kama rota, noro na adeno. Ya kwanza inataka dawa za kinga ziongezwe, ya pili inataka zipunguzwe au ziachwe zilivyo. Bila kipande cha nyama chini ya hadubini unabahatisha, na kubahatisha hapa kunagharimu maisha.

Kuna mtego mwingine ambao hata wazoefu hunaswa nao. Mgonjwa akiharisha mtu hudhani dawa inapita bila kunyonywa, kwa hiyo kiwango cha takrolimasi kitashuka. Kinyume chake ndicho hutokea mara nyingi. Ukuta wa utumbo wenyewe huvunja sehemu ya dawa hiyo, na ukiugua uvunjaji unapungua, dawa inapanda kwenye damu. Inapanda wakati mwili umekauka maji, na figo ndizo zinazoumia. Kwa hiyo kuhara kukianza, pima kiwango cha dawa kabla ya kugusa dozi. Miezi ya mwanzo vituo vingi hulenga nanogramu 10 hadi 15 kwa mililita, kisha hushushwa polepole. Balungi huipandisha, na dawa za fangasi kama flukonazoli pia. Rifampisini, dawa yetu ya kifua kikuu, huishusha mpaka inakaribia kutokuwepo. Daktari wa hospitali ya wilaya akikutana na mgonjwa wa namna hii aliyetibiwa nje ya nchi, asimwanzishie dawa hizo kabla ya kuwasiliana na kituo chake.

Tiba ya kukataliwa huanza na methiliprednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa wingi kwa siku kama 3. Isipoitikia, hufuata kingamwili za kuua chembe T, yaani chembe nyeupe zinazoongoza mashambulizi. Hapo ndipo virusi hupata nafasi. Saitomegalovirusi huzuiwa kwa valgansiklovia. Virusi vya Epstein-Barr hupimwa kwenye damu kila mara, kwa sababu hao ndio wanaochochea saratani ya tezi iliyomwua yule mtoto wa 1987. Bado waliopandikizwa utumbo huipata kuliko waliopandikizwa viungo vingine, watoto hasa. Tofauti ya leo ni kwamba virusi huonekana vikipanda mapema, dawa za kinga zikapunguzwa, na rituksimabu, dawa ya kuua chembe zinazogeuka saratani hiyo, ipo.

Kula nako ni somo. Chakula huanzishwa kwa tone tone kupitia mrija ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na mafuta ya kawaida hupunguzwa kwa wiki 4 hadi 6, kwa kuwa mifereji ya limfu inayobeba mafuta ilikatwa na haishonwi, hujiotesha yenyewe. Wengi huachana na lishe ya mshipani ndani ya miezi miwili hivi. Lakini mtoto aliyelishwa kwa mshipa tangu kuzaliwa hajui kula. Hajawahi kuhisi njaa ikishibishwa na kinywa. Ukimwekea kijiko cha uji mdomoni anakitapika, analia, anageuza shingo. Utumbo ni mzima, kinywa hakitaki. Kumfundisha huchukua miezi, na anayejua kazi hiyo ni mtaalamu wa kumeza na kuongea akishirikiana na mama, wala si daktari wa upasuaji. Ndiyo maana watoto hawa wanatakiwa waonjeshwe kitu mdomoni kila siku hata kabla ya upasuaji, japo tone la maziwa.

Matokeo yakoje? Kwa hesabu za rejista ya kimataifa, takriban robo tatu ya viungo vilivyopandikizwa hufanya kazi baada ya mwaka 1, na zaidi kidogo ya nusu baada ya miaka 5. Mwaka wa kwanza tumeushinda kwa kiasi kikubwa. Miaka inayofuata ndiyo haijasogea inavyotakiwa. Kiungo huchoka polepole, mara nyingi kwa kingamwili ambazo mpokeaji ametengeneza dhidi ya mtoaji, na mishipa yake midogo inakuwa minene na kuziba. Wanaopata ini la mtoaji huyo huyo hudumu zaidi, kwa sababu ini huonekana kuzifyonza kingamwili hizo. Dawa ya uhakika ya kukataliwa huku kwa taratibu hatuna.

Na sasa jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa maendeleo makubwa kuliko yote, ingawa halitokei kwenye chumba cha upasuaji wa kupandikiza. Marekani ilifanya karibu upandikizaji 200 wa utumbo mwaka 2007. Miaka ya karibuni idadi ni nusu ya hiyo au chini. Watu wanaouhitaji wamepungua. Iligundulika kwamba mafuta ya soya kwenye dripu yalikuwa yanaliumiza ini la mtoto. Yakapunguzwa hadi gramu 1 kwa kilo kwa siku, au yakabadilishwa kwa mafuta ya samaki, na manjano yakaanza kuondoka. Kateta zikaanza kujazwa taurolidini, dawa ya kuua vijidudu, kila zinapofungwa, maambukizi yakashuka. Utumbo uliotanuka ukaanza kurefushwa: Adrian Bianchi aliupasua katikati kwa urefu mwaka 1980, na mwaka 2003 Heung Bae Kim na wenzake wa Boston wakaonyesha namna ya kuukata kwa pande zinazopishana ukawa kama nyoka, mwembamba na mrefu zaidi. Tangu 2012 ipo teduglutaidi, sindano ya kila siku inayoikuza ngozi ya utumbo. Katika jaribio lake kubwa wagonjwa 63 kati ya 100 walipunguza dripu kwa angalau asilimia 20, dhidi ya 30 kati ya 100 waliopewa dawa bandia. Bei yake ni ya kutisha.

Neema hii imekuja na kasoro. Upasuaji ukiwa wa nadra, vituo vyenye mikono iliyozoea vinapungua, na mgonjwa anayefika ni yule aliyeshindikana kwa kila njia. Madaktari vijana wanaona visa vichache mno wakati wa mafunzo.

Je, sisi Afrika Mashariki? Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017. Utumbo hatujaanza, na kwa maoni yangu hapo sipo pa kukimbilia. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2021 ulionyesha kwamba watoto wanaozaliwa na utumbo nje ya tumbo hufa 90 kati ya 100 katika nchi maskini, na chini ya 2 kati ya 100 katika nchi tajiri. Hawafi kwa kukosa utumbo wa kupandikizwa. Wanakufa kwa baridi, kwa kukauka maji, kwa maambukizi, na kwa kukosa wiki chache za lishe ya mshipani utumbo wao ukisubiriwa uamke. Mfuko safi wa plastiki wa kuufunika utumbo siku ya kwanza, kateta iliyowekwa kwa mikono misafi, na mfamasia anayeweza kuchanganya lishe bila vijidudu vitaokoa watoto wengi kuliko kituo cha kupandikiza.

Na kwa ninyi mtakaofungua tumbo la mtoto au mtu mzima usiku, mkakuta utumbo umejisokota na kuwa mweusi, fungueni msokoto, funikeni kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, subirini. Kilichooza wazi kikatwe. Chenye shaka kiachwe, tumbo lifunguliwe tena baada ya saa 24 hadi 48, kwani sentimita 20 zilizopona ndizo huamua kama mtu ataishi kwa dripu au kwa sahani. Kabla ya kufunga, chukueni uzi uliolowa, mpime kilichobaki kwenye ukingo ulio mbali na mishipa bila kuuvuta utumbo, na muandike kwenye faili: sentimita ngapi, vali ipo au haipo, utumbo mpana umebaki kiasi gani. Msiandike urefu wa kilichokatwa peke yake. Daktari atakayempokea mgonjwa huyo, awe Dar es Salaam, Nairobi au nje ya nchi, atauliza namba hizo kabla ya kitu kingine chochote.